Siku Niliyomuambia Mama ya Chunvi Aonje Kwanza

Niseme mapema, ili usichoke kungojea fasi nitakapoonekana mwerevu: hiyo fasi haiko. Mu hii habari mimi ni zoba toka kichwani mpaka ku vidole vya miguu, na kila mutu aliyekuwa Ndosho, mutaa wetu wa Goma, ile siku anaweza kukuambia. Wengine mpaka leo wanaisimulia, na kila mwaka wanaongeza chunvi. Ukisikiliza mpaka mwisho utaelewa kwa nini hilo neno chunvi linaniuma kuliko wengine.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, wakati kila mutu aliitwa sitwayen, raia, na kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya watu wote. Mimi nilikuwa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Asubuhi napanda Kibati, juu ku mulima, nikisukuma ile mbao yangu tupu, huko napakia makala ao mashu, zile kabichi, kisha nashuka nayo mujini, goti moja juu ya mbao, muguu mwingine unapiga chini, upepo unanitoa machozi. Nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primeri. Baba akafariki, masomo yakafariki naye. Lakini kinywa hakikuhitaji diploma. Kinywa changu kilikuwa kinashuka mbele, chukudu inafuata nyuma. Nilitania polisi, nilitania mapadri, nilitania hata wafu ku matanga, watu wanacheka huku wanajifuta machozi.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Dada zangu walikuwa wameolewa mbali. Mama alikuwa anachukua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ku soko ya Kituku asubuhi, anauzisha njiani na beseni ku kichwa mpaka inaisha. Ni mwanamuke wa Masisi, wa ile milima mirefu fasi watu wanaota moto hata mchana. Tangu nizaliwe sikuwahi kumuona amevua triko yake, ile sweta ya sufu. Hata jua likiwaka mpaka mawe ya volkano yanachoma miguu, mama na triko, triko na mama.

Basi siku moja, tuko tunakula fufu, namuona anavua triko.

Akaiweka pembeni. Uso wote ulikuwa unang'aa kama umepakwa mafuta. Jasho likashuka ku shingo, likaingia mu kikwembe alichojifunga. Akasimama, akatoka inje, na inje kulikuwa manyunyu ya baridi. Akasimama mule mu manyunyu, kichwa kimeinuka, anapumua.

Mimi nikasema, "Mama, volkano ya Nyiragongo imehama? Iko ndani yako sasa?"

Akacheka. Ile mara ya kwanza alicheka kweli.

Ule moto ukarudi ku misa, mama anajipepea na kitabu cha nyimbo mpaka mwanamuke wa nyuma anapata baridi. Nikarudia ile tanio ya Nyiragongo, akanirushia mwiko. Siku ingine fufu iliungua kidogo tu, nikasema volkano imetupikia. Mama akakaa chini karibu na mafiga, akalia. Alilia kabisa, mabega yanatikisika, juu ya fufu.

Hapo njo niliacha kucheka. Mama yangu hakulia hivyo hata siku ya kuzika baba.

Tokea hapo nikaanza kumuangalia kama mutu anayeangalia sufuria ya maziwa. Alikuwa anasahau vitu. Siku moja alirudi kutoka Kituku bila beseni, akasimama mulangoni anajishika kichwa, anauliza, "Nilikuwa nimebeba nini?" Alikuwa anakula kidogo. Usiku nilimusikia anageuka ku kitanda, anafungua dirisha, anafunga dirisha. Na asubuhi ananiambia kwa ukali kwamba mimi njo nilimukosesha usingizi na kukoroma kwangu.

Nilikuwa na rafiki mwenye chukudu kama mimi. Yeye alikuwa mutu wa kujua kila kitu: bei ya makala, ndoa za watu, magonjwa ya ng'ombe. Tuko Kibati tunafunga magunia, nikamutolea hofu yangu.

"Masta, mama yako anatoka jasho?"

"Kama mutu wa chukudu."

"Na hafanyi kazi ya nguvu ile saa?"

"Amekaa tu. Anachambua maharagi."

"Kifua je?"

"Anasema moto unaanza hapa ku kifua, unapanda ku shingo, unaingia ku kichwa."

Akaacha kamba. Akaangalia njia ya juu, akaangalia njia ya chini, kama vile muchawi fulani anaweza kupita na gunia lake. Kisha akainama mu sikio langu.

"Karuho," akasema.

Kama hauko mutu wa kwetu, nikuambie. Karuho ni sumu, lakini si sumu ya kukuangusha leo. Ni ya polepole. Mutu anakutilia mu kinywaji, unashukuru, unaenda nyumbani. Kisha unaanza kutoka jasho bila kazi. Usingizi unakimbia. Kifua kinawaka. Unakauka kidogo-kidogo kama kuni juu ya mafiga, na watu wanasema pole, pole, mpaka siku ya kukuzika. Njo maana kwetu mutu akikupa pombe ao hata maji, yeye anaonja kwanza mbele yako. Mugeni hanywi kabla mwenyeji hajaonja. Ni adabu, lakini iko na meno: anayeonja anasema, tazama, kama iko kitu ndani, tutakufa wote wawili.

"Nani anamupa kinywaji?" rafiki yangu akauliza.

"Hakuna mutu."

"Hakuna kabisa?"

Nikafungua kinywa niseme hakuna, na kinywa kikabaki wazi. Kwa sababu alikuwepo mutu. Mama ya Chunvi.

Mama ya Chunvi alikuwa jirani yetu, wa kutoka Butembo, mutu wa rozari na wa biashara. Aliuzisha chunvi na maharagi mulangoni kwake, na watu wote walimuita vile, hata padri. Alikuwa mudogo kwa mama kwa umri, lakini walipendana kama wamenyonya titi moja. Mimi aliniita Redio. Nikipita na chukudu anapaza sauti: "Redio imefika, fungeni masikio!" Na mimi najibu: "Mama, nipe chunvi nitie mu habari!" Tulikuwa vile.

Sasa, kwa muda fulani, Mama ya Chunvi alikuwa analetea mama chupa. Chupa ya bia, imefungwa na jani la mugomba, ndani maji meusi kama ya kuoshea sufuria. Nilikuwa nimeiona. Sikuuliza. Wanamuke wanapeana vitu vingi. Lakini ile siku nilishuka kutoka Kibati nikiwaza hiyo chupa tu, na ku kona ya mwisho nikaanguka, mashu yakatangulia mujini bila mimi.

Siku chache kisha, gurudumu likanikatikia njiani, nikarudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Nikapitia nyuma ya nyumba ili niegemeze chukudu ku ukuta. Ndani nikasikia sauti zao. Chini-chini.

"Dada, nimekauka," mama anasema. "Nimekauka kabisa."

"Pole. Endelea kunywa. Asubuhi na jioni."

"Inakuwa kali."

"Kunywa hivyo hivyo. Na huyu kijana?"

"Anajua nini, huyu."

"Usimuambie. Ukimuambia Redio asubuhi, mchana Kituku yote inajua."

"Nitamuambia nini hata. Naona haya."

Nilibaki pale na gurudumu mukononi. Kukauka, hilo hilo neno la rafiki yangu. Mama mwenyewe alikuwa amesema, kwa kinywa chake, amekauka, na yule mwanamuke anamuambia aendelee kunywa, tena asimuambie mutoto wake. Nikatafuta njia ingine ya kusikia hayo maneno, sikupata. Mu kichwa changu kesi ilikuwa imekatwa: mama anadanganywa, anaambiwa dawa, kumbe ni hiyo hiyo inayomumaliza.

Lakini kwa nini? Hiyo njo ilininyima usingizi. Walikuwa wanapendana. Mama ya Chunvi alikuwa na watoto wasichana, bwana yake alikuwa anasafiri na lori za Butembo. Sisi tulikuwa na nini cha kuonea wivu? Beseni? Triko?

Nikaanza vita yangu ya siri. Kwanza chakula: kila kitu mama anachotaka kula, mimi nachukua kipande cha kwanza. Yeye akafikiri kazi ya chukudu inanitia njaa, akaongeza fufu. Nikala kwa ajili ya kumuokoa mpaka nikanenepa. Kisha chupa: alipoenda Kituku nikaifungua, nikanusa. Harufu ya mubirizi, ule muti muchungu tunaopewa tukiumwa tumbo, na ingine kali ya muravumba, muti mwingine wa dawa, inayopanda mu pua. Harufu za kujulikana. Hiyo ikaniogopesha zaidi, maana mwenye kutia sumu hawezi kuitia mu maji matupu, anaificha nyuma ya dawa ya kweli. Nikaizika chupa mu gunia la makala.

Jioni: "Nani ameweka dawa yangu mu makala?"

"Panya."

"Panya anabeba chupa?"

"Siku hizi kuko panya wakubwa, mama. Wa lori."

Hakucheka. Akaipanguza na kikwembe, akamimina mu kikombe, akakunywa mbele yangu, macho amefunga. Mimi nikaangalia koo yake inapanda inashuka, na nilitaka kulia.

Nikaenda ku dispanseri. Infirmiye, muuguzi wa pale, alikuwa mutu wa haraka, watu wamejaa mpaka inje, watoto wanalia.

"Ni wewe mugonjwa?"

"Mama. Anatoka jasho, halali, anakasirika, anasahau."

"Miaka ngapi?"

"Karibu sinkante, hamsini."

"Aaah." Akatabasamu, akaangalia mutu aliyekuwa nyuma yangu. "Basi ni umri. Wanamuke wote wanapita mule. Aje mwenyewe aongee na masere, wale masista. Mwingine!"

Wanamuke wote wanapita mule. Alisema akitabasamu! Nilitoka nikishika ukuta. Kwa masikio yangu alikuwa amesema mama anakufa na hiyo si kitu, sote njia yetu ni moja. Kama ningeuliza neno moja tu, "Mule wapi?", ningejiponesha, na ningeponesha watu wengine. Lakini mimi, mwenye kinywa cha kutania maiti, ile siku kinywa kilifungwa.

Ikafika Jumamosi.

Salongo ya Ndosho ilikuwa mawe. Kwetu ukichimba ni mawe, ukifagia ni mawe, na shefu ya kartié, mukubwa wa mutaa, alikuwa ameamua njia ipanuliwe. Wanaume tulikuwa mustari mumoja tunapitishana mawe ya volkano, mutu kwa mutu, wanamuke wanafagia ule udongo mweusi. Shefu anapuliza filimbi kila saa kana kwamba sisi ni wachezaji wa mupira. Mimi nilitania, maana hiyo njo ilikuwa kazi yangu ya kweli mu salongo, lakini jicho liko kwa mama.

Nikamuona anaacha ufagio. Ule moto ulikuwa umemushika. Akakaa juu ya jiwe, akalegeza kitambaa cha kichwa, uso unang'aa. Mama ya Chunvi akamuona pia. Akakimbia nyumbani kwake, akarudi na chupa na kikombe. Akainama, akamimina.

Na mimi, jiwe mukononi, nikapaza sauti:

"Eee, Mama ya Chunvi! Onja kwanza!"

Nilisema kwa kutania. Ama nilisema kwa sauti ya kutania, maana sikuwa na sauti ingine. Watu wakacheka. Yeye pia akatabasamu.

"Beba mawe yako, Redio."

"Onja tu kidogo! Mama yangu ni mutu wa Masisi, hanywi kitu hakijaonjwa!"

"Acha mambo yako."

"Tone moja, mama. Ulowanishe tu mudomo."

"Siwezi."

Alisema siwezi. Hakusema sitaki, ao nina haraka. Alisema siwezi, na akaangalia chini, na kikombe akakivuta karibu na kifua chake.

Cheko ikakatika kama taa za mujini. Mutu mumoja akauliza, bila utani, "Kwa nini asiweze?" Mwingine: "Kinywaji gani hicho mutu anampa mwenzake, yeye hawezi kuonja?" Na rafiki yangu, mutu wa kujua kila kitu, alikuwa wa tatu mu mustari. Yeye njo alisema lile neno. Hakulisema kwa nguvu. Lakini karuho ni neno ambalo hata likisemwa chini-chini linafika.

Mustari ukavunjika. Watu wakasogea. Mama ya Chunvi akarudi nyuma hatua, akajikuta juu ya lile rundo la mawe. Binti yake mudogo akaja kumushika kikwembe. Na sasa njo niliona kitu ambacho nakiona mpaka leo nikifunga macho: kila mwanaume alikuwa na jiwe mukononi. Hawakuwa wameyaokota kwa ajili yake. Ilikuwa salongo tu. Lakini hakuna aliyeliweka chini.

Nikataka kusema, jamani, nilikuwa natania. Lakini shida kubwa ni kwamba sikuwa natania. Mu moyo wangu bado niliamini. Niliamini kwamba yeye ni muuaji na wakati ule ule nilikuwa naomba Mungu asiguswe. Sijui mutu mwingine kama amewahi kuwa na mambo hayo mawili mu tumbo moja.

"Sema kwa nini!" wanapiga kelele. "Sema ao ukunywe!"

Midomo yake ilikuwa inatembea tu, labda ni rozari.

Mama akasimama. Jasho lilikuwa bado linashuka, kitambaa kimeanguka ku shingo, nywele zake, ambazo hakuna mwanaume wa Ndosho aliyewahi kuziona, ziko wazi, zingine nyeupe. Akapita katikati ya wanaume, akasimama mbele ya Mama ya Chunvi, akatuangalia.

"Ni dawa yangu," akasema. "Mimi njo nimekauka."

"Umekaushwa na nani, mama?" mutu mumoja akauliza, kwa huruma kabisa.

"Na miaka! Nimekauka! Siku zangu zimekatika. Damu ya wanamuke haiji tena. Mwanamuke akifika hapo moto unamupanda, anatoka jasho, analia juu ya fufu. Munataka niseme tena? Hii ni dawa ya wanamuke waliomaliza. Huyu hajamaliza. Anatafuta bado mutoto. Akikunywa, tumbo lake litafungwa. Njo maana amesema hawezi. Mumesikia? Mumesikia wote sasa?"

Nakuambia, wanaume wa Ndosho, watu wa kubeba gunia la makala na meno, waliangalia viatu vyao. Mumoja akaweka jiwe chini, polepole, kama yai. Kisha mwingine. Ukasikia tok, tok, tok, mawe yanarudi chini. Shefu ya kartié akaweka filimbi ku kinywa, hakupuliza.

Njo mama muzee mumoja wa Kituku, muuza samaki asiyekuwa na meno wala woga, akatoka mbele. Akachukua kikombe mukononi mwa Mama ya Chunvi, akakijaza mpaka juu, akaniletea.

"Wewe njo ulitaka kionjwe. Onja."

"Mama muzee, ni ya wanamuke…"

"Uko na nini ya kukauka, wewe? Kunywa!"

Nikakunywa. Wote wanaangalia. Ilikuwa chungu mpaka masikio yakafunga. Nikaomba waniache katikati, akakataa, nikamaliza.

"Sasa itanifanya nini?" nikauliza. Nilikuwa nauliza kweli, mukono uko ku kidevu, natafuta kama ndevu zangu chache zingali pale.

"Utaacha kuona siku zako," akasema.

Ndosho yote ikapasuka. Watu walicheka kwa nguvu kuliko utani wangu wote wa maisha, walicheka mpaka wakashikana, na nafikiri ilikuwa ni hofu iliyokuwa inawatoka. Mama hakucheka. Mama ya Chunvi hakucheka. Akachukua chupa yake, akamushika binti mukono, akaenda nyumbani, akafunga mulango, na ilikuwa bado asubuhi.

Mama aliongea nami kesho yake, akichambua sambaza, bila kuinua macho.

"Ungeniuliza."

"Mulisema nisiambiwe."

"Kwa hiyo ulisikia." Akachukua sambaza ingine. "Kukauka si kufa, mutoto wangu. Ni kama kuota meno, ila kwa upande wa mwisho. Mama yangu alipita mule, na mama yake."

"Na ile dawa inasaidia?"

"Moto haizimi. Lakini nikikunywa jioni nalala kidogo. Ao ni kwa sababu yeye anakaa na mimi nikiikunywa, sijui." Akatupa kichwa cha samaki. "Sasa hataleta tena."

Hakuleta kweli. Na mambo yalikuwa mabaya kuliko hayo. Watu hawakumuchukia Mama ya Chunvi, hapana, walimuomba musamaha, walikuja kununua. Lakini kila mumoja alikuja na ule utani wangu. Anapima chunvi, mutu anasema, "Onja kwanza, Mama!" na wanacheka. Watoto wanapita, "Onja kwanza!" Hata padri, wanasema, siku moja alimuambia. Nilikuwa nimevumbua maneno, na Goma nzima ikayapenda. Kila nilipoyasikia, nageuzia chukudu njia ingine. Akaanza kufungua duka akichelewa. Kisha siku zingine hakufungua.

Na mama, jasho. Anafungua dirisha, anafunga dirisha. Anakula akinipa mugongo. Nilipenda hata angenirushia mwiko.

Siku moja Kibati nikaomba mama mumoja wa mashamba anikatie majani ya mubirizi, na matawi ya muravumba. Nikayafunga juu ya makala, nikashuka nayo taratibu, kama nimebeba mutoto. Nikaenda moja kwa moja mulangoni kwa Mama ya Chunvi. Alikuwa amekaa, anachagua mawe mu maharagi. Sikutania. Nilikuwa nimeandaa maneno njia yote, na mengine yalikuwa mazuri, lakini yalibaki ku kona za Kibati. Nikasema tu, "Mama, nimekosa. Nimekuletea majani. Si kwa ajili yangu. Mama halali."

Akaangalia lile fungu. Akavunja jani moja, akanusa. Akaliweka pembeni na mengine yote, akaendelea na maharagi.

"Watu wanasema nilinyamaza ili nifiche siri ya mama yako," akasema. "Wananisifu. Si kweli. Niliogopa tu, neno halikuja. Mama yako njo alisema. Alivua kila kitu mbele ya wanaume kwa ajili yangu." Akatupa jiwe dogo inje. "Tangu ile siku najiuliza: kama ingekuwa mimi njo mwenye moto, na yeye njo mwenye chupa, ningesema? Naona nisingesema. Hiyo njo inanifanya nifunge mulango, siwezi kumuangalia. Si kwa sababu yako. Wewe, mutoto wangu, ulikuwa kelele tu." Akabeba lile fungu la majani, akaingia nalo jikoni.